Jinsi ya kuandika maisha ya mwanasiasa wa jimbo Marekani karne ya 19 bila kuishia mistari miwili

Kuna watu wa historia ya Marekani ambao ukiwatafuta unakuta mistari miwili tu, alizaliwa mwaka fulani, alikuwa chama fulani, aliingia bunge la jimbo la Ohio ama Georgia, akafa, imeisha. Mtu kaishi miaka sabini, kaoa mara mbili, kagombana na nusu ya kaunti yake, alafu anabaki na mistari miwili. Na sio kwamba habari zake hazipo, zipo, tena nyingi ni bure kabisa, ila zimelala sehemu ambazo mtu hafikirii kuangalia. Nimekuwa naandika wasifu wa watu wa namna hii kwa muda sasa na nimekosea sana njiani, kwa hiyo nitakuonyesha njia ninayopita na mashimo niliyoangukia.

Elewa kwanza kitu kimoja kabla hujafungua kompyuta. Huyu mtu hakuwa mwanasiasa wa kazi. Bunge la jimbo lilikaa wiki kadhaa au miezi michache, mara nyingi wakati wa baridi ambapo shambani hamna kazi kubwa, alafu kila mtu anarudi kwao. Posho ilikuwa ya siku. Illinois mwaka 1834 mjumbe alilipwa dola 3 kwa siku. Kwa hiyo ukiandika maisha yake kwa kufuata miaka ya ubunge tu unakuwa umeandika likizo zake, maisha yenyewe umeyaacha. Alikuwa mkulima, mwenye kinu, wakili, daktari, mwenye duka, mchungaji wa kanisa, na siasa ilikuwa inatoka humo na inarudi humo humo. Mimi siku hizi naanza na ardhi na kazi, siasa inakuja baadaye yenyewe.

Na kama hujawahi kufanya hii kitu, usianze na mtu asiyejulikana. Fanya mazoezi na mtu ambaye majibu yake yapo, ujipime. Mzuri kuliko wote ni Abraham Lincoln, sio yule wa Ikulu, yule wa Illinois, maana watu wanasahau huyu jamaa alikaa kwenye Baraza la Wawakilishi la Illinois vipindi vinne, kuanzia 1834 hadi 1842, kijana wa New Salem aliyekuwa mkuu wa posta na mpima ardhi mwenye madeni ya duka lililokufa, mpaka farasi wake na vifaa vya kupimia vikapigwa mnada na rafiki akavinunua akamrudishia. Aligombea 1832 akashindwa, lakini kituo cha kwao New Salem alipata kura 277 kati ya kama 300. Hiyo namba peke yake inakwambia kitu, kwamba waliomjua walimpa, na tatizo lilikuwa wasiomjua. Ukiweza kuzipata habari hizi mwenyewe kwenye nyaraka badala ya kusoma tu kitabu, basi mbinu zako zinafanya kazi.

Haya, sasa tuanze na jina, maana hapo ndo watu wengi wanakufa. Karne ya 19 watu waliandikwa kwa herufi za mwanzo, J. W. huyu, W. H. yule, na kaunti moja inaweza kuwa na watu watatu wenye jina moja, baba, mtoto na binamu. Alafu ile "Jr." usiiamini. Zamani haikumaanisha lazima mtoto wa yule mkubwa, ilimaanisha tu ni mdogo kwa umri kati ya wawili wenye jina moja pale mjini, anaweza kuwa mpwa wake au hata wasihusiane kabisa, na yule mkubwa akifa mdogo anaweza kuacha kuitumia au hata kupanda akawa "Sr." mwenyewe. Mimi niliwahi kuunganisha watu wawili nikampa mtu mmoja miaka 31 ya siasa, wake watatu na makaburi mawili, na makaburi mawili ndo yalinistua. Dawa yake ni kumfunga mtu na vitu vitatu, jina, mahali na kazi. Ukikuta jina na mahali vinalingana lakini huyu ni fundi viatu na wako ni daktari, simama hapo kwanza.

Vyeo vya mbele ya jina navyo ni mtego. "Hon." inamaanisha aliwahi kushika cheo fulani, hata kama ni muhula mmoja miaka ishirini nyuma bado wataendelea kumwita hivo mpaka kaburini. "Esq." mara nyingi ni wakili au hakimu mdogo wa kijijini, au tu mtu mwenye heshima zake. "Col." inaweza kuwa kanali wa kweli wa vita, inaweza kuwa kanali wa mgambo wa kaunti aliyekuwa anakusanya watu mara moja kwa mwaka wanacheza gwaride, na Kusini inaweza kuwa heshima tu kwa mzee mwenye mashamba. Usimwandikie mtu vita ambavyo hakupigana.

Mahali nako kunahama. Sio mtu anahama, mpaka ndo unahama. New Salem ilikuwa kaunti ya Sangamon, alafu 1839 Sangamon ikakatwa na leo hiyo New Salem iko kaunti ya Menard, kwa hiyo ukienda kutafuta hati za kabla ya hapo Menard hukuti kitu, na utadhani mtu wako hakuwepo duniani. Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts mpaka 1820, mtu wa Maine wa mwaka 1815 alikuwa anaenda kukaa bungeni Boston. West Virginia ilizaliwa 1863 kutoka Virginia, na kuna watu walienda kulala wakiwa wa jimbo moja wakaamka la pili. Kabla ya kutafuta hati yoyote tafuta mwaka kaunti ilipoundwa na ilikatwa kutoka kaunti gani, dakika tano tu, itakuokoa wiki nzima.

Na kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna shida ya ziada, neno jimbo lenyewe. Kuna wasomaji ambao kwao jimbo ni eneo la uchaguzi la mbunge mmoja, wengine jimbo ni kama nchi ndogo yenye gavana wake. Hapa tunasema la pili, kwa hiyo eneo la uchaguzi liite eneo la uchaguzi au wilaya ya uchaguzi, usichanganye. Majina ya mabunge yenyewe hayafanani, Virginia baraza la chini linaitwa House of Delegates, New York ni Assembly, na Massachusetts bunge lote zima linaitwa General Court, ambayo nimeshaona mtu kaitafsiri mahakama kuu akamfanya mkulima wa watu kuwa jaji.

Sasa sensa. Hii ndo mgodi, ila lazima ujue mwaka gani unakupa nini. Kuanzia 1790 mpaka 1840 karani aliandika jina la mkuu wa kaya tu, wengine wote ni vijiti kwenye safu za umri. 1850 ndo mara ya kwanza kila mtu huru anaandikwa jina lake, umri, kazi, alikozaliwa na thamani ya ardhi yake. 1860 wakaongeza thamani ya mali zinazohamishika, na 1870 bado ipo, alafu 1880 thamani zikatolewa lakini wakaandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya na wazazi walizaliwa wapi. Ya 1890 karibu yote imepotea, moto wa Januari 1921 pale Washington, kwa hiyo usipoteze siku nzima unaitafuta kama nilivyofanya mimi. Ukiweka 1850, 1860 na 1870 pembeni pembeni za mtu mmoja unaona maisha yanavyopanda na kushuka. Mwanasiasa wa Kusini ambaye 1860 ana utajiri wa kutisha na 1870 hana kitu, hapo huhitaji maelezo mengi, kilichotoweka katikati kilikuwa ni watu.

Na hapo usikwepe. 1850 na 1860 kulikuwa na orodha ya pembeni ya watumwa, ambayo inaandika jina la mmiliki, na chini yake watu wenyewe bila majina, umri tu, jinsia na rangi. Kama unaandika mwanasiasa wa Mississippi, Kentucky, Virginia, hata Missouri, fungua hiyo orodha. Wasifu za zamani zitakwambia alikuwa mkulima mwenye bidii na baba wa wageni, orodha itakwambia bidii ilikuwa ya nani. Kuna pia orodha ya kilimo, 1850 mpaka 1880, inayokupa ekari zilizolimwa, farasi, nguruwe, mahindi kiasi gani, na mimi naipenda kuliko nyaraka nyingine zote maana unaweza kumwona mtu asubuhi anatoka anaenda kulisha nguruwe wake arobaini kabla hajawa mheshimiwa.

Kwa wanasiasa weusi wa kipindi cha Ujenzi Mpya (Reconstruction), baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ni kinyume chake, mtu hayupo kabla ya 1870 isipokuwa alikuwa huru. John Roy Lynch alizaliwa utumwani Louisiana 1847, akafanya kazi studio ya picha Natchez, na 1872 akawa spika wa Baraza la Wawakilishi la Mississippi akiwa na miaka 24, miaka ishirini na nne! Mtu kama huyo sensa ya 1850 na 1860 haina jina lake. Unaanzia 1870 kurudi nyuma, unatafuta nani alimmiliki, unaenda kwenye orodha ya huyo mmiliki, wosia zake, hati za mauzo. Na kuna hazina moja watu wanaipita, madaftari ya benki ya Freedman's, benki ya watu waliotoka utumwani, iliyofanya kazi 1865 hadi 1874, ambapo mtu akifungua akaunti aliulizwa mara nyingi wazazi wake, ndugu zake, alikolelewa, na wakati mwingine bwana wake wa zamani. Tovuti ya FamilySearch wanayo bure, unajisajili tu.

Baada ya sensa nenda hati za ardhi na mirathi. Sina mengi ya kusema juu ya utaratibu, kila kaunti ina ofisi yake, nyingine wameshapiga picha na kuweka mtandaoni, nyingine mahakama iliungua na hamna kitu, utajua ukifika. Ila nikupe mfano wa kwa nini inalipa. Robert Smalls wa South Carolina, yule aliyeiba meli ya Planter mikononi mwa Waasi, yaani majimbo ya Kusini yaliyojitenga, Mei 1862 akawapelekea jeshi la Muungano, wengi wanaishia kwenye meli. Hati za ardhi za Beaufort, mji wa kwao, zinaonyesha kitu kingine, kwamba wakati wa vita alinunua kwenye mnada wa kodi nyumba ile ile ya familia iliyommiliki, nyumba ambayo nyuma yake ndo mama yake alimzalia. Alafu kuna kesi ya kuipinga ile hati yake, ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani 1878, Smalls akashinda. Kati ya hapo alikuwa mjumbe wa mkutano wa katiba wa jimbo 1868, akaingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, akapanda Seneti ya jimbo, na baadaye Congress, bunge la taifa kule Washington. Ukisoma orodha ya vyeo unaona ngazi, ukisoma hati unaona mtu anayerudi nyumbani kwa mlango wa mbele.

Ndo sasa tunaingia bungeni. Kila bunge la jimbo lilichapisha kumbukumbu za vikao, na nyingi ziko kwenye maktaba za mtandaoni HathiTrust na Internet Archive, unafungua bila kulipa. Ila jua sio hansadi. Hotuba hazimo. Ni hoja, miswada, kamati, na kura za ndiyo na hapana majina kwa majina, basi. Mara nyingi mwisho wa kitabu kuna faharasa, unatafuta jina lake unapata kurasa zote. Pembeni yake fungua sheria zilizochapishwa za kikao hicho hicho, uone kipi kilipita.

Watu wanaruka moja kwa moja kwenye mambo makubwa, utumwa, benki, reli. Sawa, utafika huko, lakini anza na miswada midogo, maana mabunge ya jimbo wakati ule yalikuwa yanatunga sheria za mtu mmoja mmoja. Kampuni ikitaka kuandikishwa inakuja bungeni. Mtu akitaka kuweka kivuko cha kulipia, anakuja bungeni. Kubadili jina, bungeni. Hata talaka, miongo ya mwanzo majimbo kadhaa talaka zilitolewa na bunge! Muswada mmoja wa mwanzo wa Lincoln ulikuwa wa kumruhusu jamaa anaitwa Samuel Musick ajenge daraja la kulipia juu ya mto Salt Creek. Hakuna anayeuimba huo, lakini unakwambia nani alikuwa anamgongea mlango mheshimiwa na alitaka nini, na kama utafuatilia majina ya kwenye miswada hiyo midogo kwa miaka minne mitano utakuwa umechora ramani ya marafiki zake wote.

Kisha kura kubwa. Hapa usisome kura moja moja, soma kwa mafungu, nani alipiga naye siku zote. Kikao cha 1836 hadi 1837 kaunti ya Sangamon ilikuwa na wajumbe saba na maseneta wawili, wote warefu wa kupindukia mpaka wakaitwa Tisa Warefu, Lincoln akiwa na kama sentimita 193. Walitaka makao makuu ya jimbo yahamishwe kutoka Vandalia kwenda Springfield na Februari 1837 wakapata, na kikao hicho hicho bunge likapitisha mpango wa mabarabara, reli na mifereji wa kama dola milioni 10, kwa jimbo ambalo bado lilikuwa changa, na mwaka huo huo uchumi wa nchi nzima ukaanguka. Wapinzani wakasema walibadilishana kura, nyie tupeni Springfield sisi tunawapa mifereji. Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Wewe usiandike walihongana wala usiandike walikuwa watakatifu, chukua majedwali ya kura, weka ya makao makuu na ya mifereji pembeni, onyesha nani alihama lini, msomaji ana macho. Na ukiwa humo kwenye kumbukumbu endelea mpaka tarehe 3 Machi 1837, utakuta Lincoln na Dan Stone, wawili tu, wameandikisha pingamizi kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbaya, huku wakisema hapo hapo kelele za wapinga utumwa zinaongeza ubaya. Ukinukuu nusu moja umedanganya.

Kitu ambacho kitakusaidia sana kuelewa kwa nini watu walipigania viti vya jimbo kama vya dhahabu, ni kwamba mpaka Marekebisho ya 17 ya Katiba mwaka 1913, maseneta wa Washington walichaguliwa na mabunge ya majimbo, sio wananchi. Lincoln huyo huyo 1854 alichaguliwa tena bunge la Illinois, akajiuzulu kiti ili aweze kuwania useneta, na Februari 1855 bunge likampa Lyman Trumbull. Kwa hiyo ukiona mtu wako kajiuzulu ghafla au mkulima wa kawaida kapata kazi nono ya posta ya serikali mwaka mmoja baada ya kikao, angalia kama kikao hicho kilichagua seneta na yeye alimpigia nani.

Kumbukumbu za vikao zina udhaifu wake. Desemba 1840, bunge la Illinois likikaa kanisani Springfield maana jengo jipya halijaisha, Lincoln na wenzake wawili wa chama chake cha Whig waliruka dirishani ili akidi isitimie, na walikuwa wameshahesabiwa tayari! Kumbukumbu ukizisoma kavu kavu hupati ile picha ya mtu mrefu anaruka dirisha. Picha iko magazetini, gazeti la chama pinzani cha Democrats la pale pale, Illinois State Register, lilimcheka kwa miguu yake mirefu. Magazeti ndo damu ya kazi hii, Chronicling America ya Maktaba ya Congress ni bure, na majimbo kama California, New York na Illinois yana mikusanyo yao ya bure. Ila gazeti la wakati ule halikujifanya halina upande, lilikuwa mali ya chama waziwazi. Sheria yangu, tukio lolote lisome kwenye magazeti mawili yanayochukiana. Yanapokubaliana, hapo pana ukweli. Yanapotofautiana, andika yote mawili na useme la nani ni la nani.

Pia mashine iliyosoma hayo maandishi ya zamani inakosea vibaya, wino umefifia, karatasi imekunjwa, jina la mtu wako inaweza kuwa imelisoma kitu cha ajabu. Usipolipata, tafuta jina la kaunti na wiki ya uchaguzi badala ya jina lake. Na wiki yenyewe iangalie, uchaguzi haukuwa Novemba kila mahali, Illinois ya Lincoln ilikuwa Agosti. Massachusetts na New York wajumbe walichaguliwa kila mwaka, ndo maana Theodore Roosevelt, yule aliyekuja kuwa rais, anaonekana Assembly ya New York 1882, 1883 na 1884, hivyo ni vipindi vitatu kamili, sio miaka mitatu ya kipindi kimoja. Huyo ukimfuatilia utafika tarehe 14 Februari 1884 ambapo mama yake na mkewe walikufa siku moja nyumba moja, yeye aliitwa kwa telegramu kutoka Albany, makao makuu ya jimbo, na siku chache baadaye karudi bungeni anaendelea na miswada. Nyaraka kavu zinaonyesha hiyo kazi tu, na wewe ndo unatakiwa kuziweka tarehe hizo jirani.

Kura za wananchi zenyewe zilikuwa hadharani. Illinois mpaka 1848 mtu alitaja kwa sauti anayemchagua na karani anaandika, Virginia mpaka baada ya vita, Kentucky waliendelea mpaka 1891. Kwengine vyama vilichapisha karatasi zao wenyewe za kura, za rangi zao, unaitumbukiza kila mtu anaiona, mpaka karatasi ya siri ya serikali ilipoanza kuenea kuanzia 1888. Kwa hiyo baadhi ya vitabu vya kura vya Illinois vilivyobaki unaweza kuona jirani gani alimchagua mtu wako na jirani gani alimnyima. Nani leo anaweza kupata habari kama hiyo!

Vitabu vya historia za kaunti, vile vinene vya miaka ya 1870 hadi 1890 vyenye picha za wazee wenye ndevu, ndo chanzo ambacho wavivu wote wanakinakili, na mimi nilikinakili. Wengi waliomo walilipa au walijiandikisha kununua kitabu, na maelezo walitoa wenyewe au watoto wao. Tumia tarehe na majina ya watoto, sifa ziache. Kama kitabu kinasema alikuwa mwaminifu asiye na doa, hiyo ni risiti.

Mashtaka nayo yapime hivo hivo. Smalls alipatikana na hatia ya rushwa Novemba 1877, dola 5,000 za mkataba wa uchapaji alipokuwa seneta wa jimbo, na mtu akisoma hilo tu anafunga faili. Lakini mwaka huo Democrats ndo walikuwa wamerudi madarakani South Carolina na wanawashtaki viongozi wa Republican, na 1879 gavana alimsamehe wakati kesi za Democrats walioharibu uchaguzi nazo zinafutwa. Weka yote kwa mpangilio wake. Na majina ya vyama usiyasome kwa macho ya leo, Republican wa 1868 kule Kusini ndo alikuwa chama cha watu weusi waliotoka utumwani, Whig alishakufa miaka ya 1850, na mtu mmoja anaweza kupita Whig, Know Nothing, Republican na Greenback bila kubadili hata mawazo yake mawili.

Orodha rasmi za wajumbe nazo zinaficha. Ukikuta Henry McNeal Turner wa Georgia kaandikwa 1868 hadi 1870 utadhani alikaa tu kitini. Septemba 1868 wenzao wazungu waliwafukuza wajumbe weusi 33, kwa hoja kwamba katiba imewapa kupiga kura haijawapa kushika kiti, Turner akasimama tarehe 3 Septemba akawaambia hatawapigia magoti. Wachache wenye ngozi nyepesi sana waliachwa. 1869 mahakama ya juu ya Georgia yenyewe ikasema mtu mweusi ana haki ya kushika cheo, na ikabidi Congress iingilie ndo wakarudi Januari 1870. Hiyo yote imo ndani ya kale kamstari kati ya 1868 na 1870, kwa hiyo kila ukiona kamstari ka miaka uliza kilichotokea katikati.

Wanawake ni wachache lakini wapo, Colorado ilichagua watatu 1894, na Utah Novemba 1896 Daktari Martha Hughes Cannon akawa seneta wa jimbo wa kwanza mwanamke nchini, Democrat, na kati ya waliokuwa wanagombea viti vile vile upande wa Republican alikuwemo mumewe Angus, akashindwa. Magazeti ya wakati huo yanaweza kumficha mwanamke chini ya jina la mume, tafuta yote mawili.

Mwisho wake mtafute sehemu nne, tangazo la msiba gazetini, azimio la rambirambi bungeni kama lipo, kaburi, na orodha ya mali ya marehemu. Tovuti za Find a Grave na Political Graveyard ni pa kuanzia tu, sio pa kumalizia, na jiwe la kaburi linaweza kuwa liliwekwa na wajukuu waliokisia mwaka. Orodha ya mali ndo tamu, saa moja, vitabu kumi na nane, ng'ombe, madeni anayodai na anayodaiwa.

Ukianza kuandika usianze na "alikuwa mwanasiasa wa". Anza na alichokuwa anafanya siku ile siasa ilipomkuta. Kwa yule wetu wa mazoezi ingekuwa hivi: Mwishoni mwa Novemba 1834 mkuu wa posta wa New Salem, mwenye deni la duka asilojua atalilipa lini, alikopa dola 200 kwa Coleman Smoot, akatoa kama 60 akashonesha suti, akapanda gari la farasi kwenda Vandalia.